Umahiri Namba Saba

Jumanne, 5 Machi

Hili sijamwambia mtu. Hata Redio sijamwambia, na Redio ndiye ninayempa habari nikitaka shule nzima iipate kabla ya kengele ya mapumziko. Leo nimesema uongo kwa kidole gumba.

Bwana Vigezo alikishika kidole changu, akakibonyeza kwenye wino, kisha akakibonyeza kwenye kitabu cha Mama, ukurasa wa umahiri namba saba. Namba saba inasema hivi: "Mwalimu anaweza kusoma nukta nundu zilizoandikwa na mwanafunzi, kwa vidole, bila kuangalia." Akaniuliza, "Mwanafunzi, mwalimu wako amesoma?" Nikasema ndiyo. Hakusikia, kwa sababu mbele za watu sauti yangu hurudi ndani kama kichwa cha kobe. Akauliza tena. Nikasema ndiyo ya pili, kubwa kidogo. Kwa hiyo hesabu yake ni uongo mara tatu: mdomo mara mbili, kidole mara moja.

Mama hakusoma. Mama alikariri. Jana jioni alikuja chumbani kwangu akaniambia, "Hebu nisomee ile habari yako ya mzunguko wa maji, niisikie inavyokwenda." Nikamsomea. Akasema tena. Nikasoma mara nne kama mjinga, nikidhani anaandaa somo. Leo, akiwa amefungwa kitambaa machoni, akaitiririsha yote bila kukwama. Lakini mimi nilikaa karibu naye na nilikuwa nasikia vidole. Vidole vinavyosoma vina sauti yake: vinakwenda, vinasita, vinarudi nyuma kidogo. Vya Mama vilikuwa vinapangusa karatasi kama mtu anayefuta vumbi. Alifika mwisho wa habari vidole vikiwa bado katikati ya ukurasa.

Bwana Vigezo ana macho mawili mazima, na hakuona.

Naandika haya kwa lugha ya nyumbani. Lugha ya shule naiweza na maksi zake ninazo, ila nikiitumia kuungama najisikia kama ninajibu swali la alama kumi.

Jumatano, 6 Machi

Nieleze vizuri, maana hasira ya jana imenirukisha.

Sisi wa kitengo ni watatu. Mimi niko kidato cha tatu, niliacha kuona nikiwa na miaka tisa, baada ya homa. Redio tuko darasa moja. Yeye ana uoni hafifu, anasoma kwa kugusisha pua kwenye karatasi, na anaandika maandishi makubwa kama mabango. Wa tatu ni binti wa fundi cherehani, yuko kidato cha kwanza, ana miaka kumi na mitatu, hajapata kuona tangu azaliwe. Tunamwita Sindano. Wengine wanadhani ni kwa ajili ya kazi ya baba yake. Aliyewahi kubishana naye anajua sababu.

Zamani mwalimu wa kutufundisha sisi alikuwa anapelekwa semina ya siku tatu. Anakaa, anasinzia, anakula, anarudi na cheti. Mwaka huu wamesema basi, hakuna cheti cha kukaa. Kila mwalimu wa kitengo amepewa kitabu chenye umahiri ishirini na mbili. Kila mmoja aufanye kwa vitendo mbele ya mkufunzi, na mwanafunzi aliyefanyiwa aweke dole kuthibitisha. Mkufunzi huja kila Jumanne. Ni mtu mpole, viatu vyake vinalia, na kalamu yake inabofyeka muda wote. Msemo wake ni huu: "Tusiseme anajua, tuseme anaweza." Ndiye Bwana Vigezo.

Mwalimu wa kitengo ni Mama. Mkuu wa shule alimchagua mwaka jana kwa hoja moja tu: "Wewe una mtoto wa namba hiyo, utaelewa."

Na mwenye namba saba ndiye atakayekuwa anachukua karatasi zetu za mitihani na kuziandika upya kwa maandishi ya kawaida ili walimu wa masomo wasahihishe. Mama mmoja mzee aliyekuwa akiifanya kazi hiyo amestaafu. Redio haimhusu, mabango yake yanasomeka hadi barabarani. Inatuhusu mimi na Sindano.

Hapo ndipo nilipoweka dole.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imeanza. Paa letu ni bati tupu. Sikusikia somo hata moja.

Jumanne, 12 Machi

Umahiri namba tatu: "Mwalimu anaweza kumwongoza mwanafunzi kwa usalama." Ni jambo dogo. Mimi ninashika mkono wako juu ya kiwiko, wewe unatangulia nusu hatua, tunakwenda. Miaka sita namwambia Mama hivyo. Leo mbele ya Bwana Vigezo kanikamata begani kwa nyuma, akanisukuma korido nzima, huku akisema, "Ngazi! Ngazi! Kuna ngazi!" Zilikuwa mbili, na zote nilishazipanda.

"Mwalimu," Bwana Vigezo akasema, "huyu si toroli."

Redio alicheka hadi akakohoa. Mama akasema, "Nimezoea, ni mwanangu."

"Hapa shuleni ni nani?"

"Mwanafunzi."

"Basi mpe mkono mwanafunzi."

Akanipa. Tukaenda vizuri mpaka mlango wa maktaba, halafu akasahau, akanishika kiunoni. Namba tatu hakuipata. Kumbe angeweza kuikosa na hiyo saba, kama nisingekuwa na dole jepesi.

Alhamisi, 14 Machi

Mama kanimenyea chungwa. Nina miaka kumi na sita.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Mama amesema "kama mnavyoona hapa ubaoni" mara kumi na moja. Sindano ndiye anayehesabu, anagonga dawati kila ikitajwa. Mara ya kumi na moja Mama akauliza, "Nani anagonga?" Sindano akajibu, "Kama unavyoona, Mwalimu, ni mimi."

Alhamisi, 21 Machi

Redio ana habari, na habari za Redio zina ubaya mmoja tu, huwa ni za kweli. Alikuwa amesimama nje ya ofisi akisubiri chaki. Mkuu anasema kitengo kinaangaliwa mwaka huu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza atakayepata chini ya thelathini kwenye majaribio ya wiki ijayo ataonekana hamudu shule ya kawaida, atarudishwa kwao.

"Kidato cha kwanza wa kitengo ni mmoja tu," nikasema.

"Ndiyo maana nakwambia."

"Sindano ana akili kuliko sisi wawili."

"Akili zake ziko kwenye nukta," Redio akasema. "Nukta zitasomwa na nani?"

Aliuliza tu kama watu wanavyouliza, hajui kitu. Lakini nilihisi wino bado uko kwenye kidole.

Jumatano, 27 Machi

Majaribio yamekwisha. Karatasi zilikuwa na unyevu, zilizama chini ya kalamu ya kutobolea nukta kama mkate. Ukitoboa karatasi kavu inalia *tak*. Hizi zilikuwa zinasema *puf*. Sindano alimaliza kila somo kabla yangu. Nilimsikia akikunja vidole, *kach kach*, kama bondia aliyeshinda.

Jumamosi, 30 Machi

Mama amekuja nazo nyumbani kuziandika upya. Nilikuwa sebuleni na Bibi, tunachambua mchele, nikasikia kishindo mezani. Halafu kishindo kingine.

"Mama, unafanya nini?"

"Nazinyoosha hizi karatasi, zimejikunja kwa unyevu. Nimeziwekea kamusi na vile vitabu vya sheria vya marehemu baba yako. Kesho zitakuwa safi."

Niliruka, mchele ukamwagika. "Mama! Nukta!"

"Nukta haziendi popote, mama."

"Zinalala! Zikilala hazisomeki!"

"Punguza sauti, mimi si kiziwi." Akaondoa vitabu, lakini polepole, kama mtu anayemridhisha mtoto. Bibi akasema chini kwa chini, "Huyu mama yako hata alipokuwa mdogo alikuwa anapiga pasi soksi."

Baadaye akaniita nimsomee karatasi zangu, naye akaziandika. Nilipapasa, nusu ya nukta zilikuwa zimekufa. Nikasoma kwa kumbukumbu. Nilikumbuka majibu yangu yote, na pale niliposahau nikasema jibu lililo sahihi. Nayo hiyo naiungama.

Kisha nikamwambia, "Lete na za Sindano nikusomee."

"Hapana. Huruhusiwi kuona majibu ya mwenzako. Kuna kanuni."

Kuona! Kanuni zote duniani zimempita, hiyo ndiyo imemshika.

Alikaa nazo dirishani mpaka giza lilipoingia, akiinamisha karatasi kwenye mwanga atafute vivuli vya nukta, na chati ya herufi za nukta mkononi. Nilikuwa nasikia chati inavyopepea. Anageuza, anaguna, anaandika. Kuna mahali aliguna mara sita na asiandike kitu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mimi sabini na nane. Sindano kumi na tisa.

Redio alisoma ubaoni kwa sauti, kisha sauti ikamwishia. Sindano akasema, "Rudia." Akarudia. Sindano akasema kwa upole kabisa, kama anamrekebisha mtoto, "Hapana. Hizo ni za mtu mwingine. Mtafuteni mwenyewe, mmpe pole."

Baba yake ameitwa Ijumaa ijayo kuja kumchukua.

Jumatatu, 8 Aprili

Sijala. Mvua haijakatika tangu jana.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwambia Mama. Naandika yote kama yalivyokuwa, nisije baadaye nikajipamba.

Alikuwa jikoni anasugua sufuria. Mvua ilikuwa inapiga, na nadhani ndiyo iliyonipa moyo, kwa sababu nilijua hata nikisema, nusu itamezwa na bati. Nikasema, "Mama, maksi za Sindano si zake. Ni zako."

Sufuria ikanyamaza.

"Umesemaje?"

Ikabidi nirudie kwa nguvu. Hiyo ndiyo shida ya kutegea mvua.

"Mimi nimeandika kilichokuwepo kwenye karatasi," akasema.

"Hakikuwepo. Ulikilalia kwa kamusi. Na hata kingekuwepo hu..."

"Hujui? Hujui kusoma? Ndiyo unataka kuniambia hivyo?" Mama ana tabia ya kunimalizia sentensi. Nikianza "naomba ma..." analeta maji, hata kama nilitaka mafuta. Lakini hii aliimalizia sawasawa.

"Hujui," nikasema. "Ulikariri mzunguko wa maji. Nilikusikia vidole. Nikaweka dole kwa sababu niliona aibu. Mimi nimepata sabini na nane kwa kuwa nilikusomea mwenyewe. Sindano hana mama mwalimu wa kumsomea mezani. Ijumaa nitamwambia Mkuu."

"Utamwambia Mkuu kwamba mama yako mwongo."

"Nitamwambia na mimi ni mwongo."

"Mimi nimekulea, nimekubeba mgongoni hospitali kwa hospitali, nimekaa nawe ukitapika, leo unakuja kunihukumu kwa ajili ya mtoto wa fundi!"

"Si kwa ajili ya mtoto wa fundi! Miaka sita, Mama! Miaka sita naandika kwa nukta, barua ya siku yako ya kuzaliwa nilikuandikia kwa nukta, ukasema 'nzuri sana'! Ilikuwa imeandikwa nini?"

Mvua tu.

Nilidhani ataondoka. Akavuta kigoda, akakaa. Akaanza kusema kwa sauti ambayo si ya Mama wala ya Mwalimu, ikabidi nisogee kumsikia. Alisema alijaribu. Mwaka ule wa kwanza alikuwa anachukua karatasi zangu nikiwa nimelala na kufumba macho na kupapasa. Vidole havisikii kitu, vinasikia chenga. Na kila akifumba macho anaanza kufikiri, ndivyo alivyo sasa mtoto wangu, hivi hivi, na hatafumbua. Basi anafumbua yeye. "Siwezi kukaa humo hata dakika mbili," akasema. "Wewe unakaa humo maisha yako yote, mimi dakika mbili zinanishinda. Nitamwambia nani hilo? Bwana Vigezo?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumrushia sufuria, na mikono yangu ikashindwa kuchagua. Nikamwambia, "Humu si kubaya hivyo, Mama. Kinachokera ni watu wanaosukuma."

Akainuka akaendelea kusugua.

Alhamisi, 11 Aprili

Hasemi na mimi. Kifungua kinywa kimewekwa mezani kwa kishindo ili nijue kilipo. Bibi amekuwa msemaji wa pande zote mbili. "Mama yako anasema sweta yako imekauka." Mama amesimama palepale! Nasikia anavyopumua!

Ijumaa, 12 Aprili

Ofisi ya Mkuu inanuka zulia lililoloa. Kulikuwa na Mkuu, Bwana Vigezo aliyeitwa maalumu, Mama, Sindano, na baba yake, ambaye ananuka mafuta ya cherehani na hakusema kitu zaidi ya shikamoo kwa kila aliyemwona anamzidi umri. Mimi niliingia bila kuitwa. Mkuu akauliza, "Na wewe?" Nikasimama tu.

Mkuu akasema alichokipanga. Mtoto ni mzuri, ana bidii, ila shule ya kawaida ina kasi yake. Fundi akaitikia "ndiyo, Mwalimu" kila baada ya sentensi, na kila ndiyo ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Sindano akakatiza. "Naomba nisomewe nilichoandika."

Mkuu akachukua nakala ya Mama, akasoma jibu la kwanza. Lilikuwa maneno matatu yasiyofuatana. La pili halikuwa na kitu.

"Sasa naomba karatasi yangu yenyewe."

Akapewa. Nikasikia vidole vyake vikienda, vikisita, vikirudi. Vikasimama. "Hii imekuwa laini kama shuka," akasema, na hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. "Baba, nilikuwa nimeandika. Nakuapia nilikuwa nimeandika."

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Namba saba..." Sauti ikarudi ndani. Nikajaribu tena, "Mwalimu ha... mimi nili..." Basi. Kobe. Mkuu akasema, "Binti, kama huna la kusema rudi darasani."

Mama akasema, "Ana la kusema. Tumsubiri."

Na akasubiri. Mama! Alikuwa analijua neno lote, mwanzo na mwisho, angeweza kulimaliza kwa njia yake, angeweza kulipindisha. Hakunimalizia. Ofisi nzima ikanyamaza mpaka nikasikia maji yanavyochuruzika kwenye mfereji nje. Sijui nilikaa muda gani. Mwisho nikasema, yote, polepole: dole langu ni la uongo, mwalimu hawezi namba saba, sabini na nane yangu niliisoma mwenyewe, na maksi za Sindano hakuna anayezijua.

"Ni kweli hiyo?" Mkuu akauliza.

"Kila neno," Mama akasema. "Futeni."

Kalamu ya Bwana Vigezo ikabofya. Akafuta. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea kwake: "Na mimi nilimsikiliza mwalimu badala ya kumtazama vidole. Hilo niliandike wapi?"

Sindano akaulizwa maswali yote upya, kwa mdomo, palepale, baba yake akisikiliza. Alipata sabini na moja. Fundi akasema "ndiyo, Mwalimu" moja ndefu.

Lakini Mkuu ni Mkuu. "Mtihani wa kufunga muhula ni tarehe sita Mei, na huo hauulizwi kwa mdomo. Kama mpaka hapo hakuna mwenye uwezo wa kusoma karatasi zake, sitakuwa na namna ya kumbakiza. Mwalimu, umenielewa?"

"Nimeelewa."

Tulirudi nyumbani tukiwa hatujasemezana. Ila alinipa kiwiko.

Jumanne, 16 Aprili

Bwana Vigezo amesema Mama asijifunze kwangu tena, nitamwonea huruma. (Hajui.) Amempa Sindano amfundishe. Kila siku baada ya masomo, saa nzima, kitambaa machoni.

Jumatano, 17 Aprili

"Mwalimu, usikwaruze. Si upele huo. Gusa."

"Nimegusa."

"Umebonyeza. Kengele za mlangoni ndizo zinazobonyezwa."

Nilikaa nje ya mlango na Redio. Redio amesema atalipia kiingilio.

Alhamisi, 18 Aprili

Dakika tatu, akavua kitambaa, akatoka nje kupata hewa. Sindano akamwita kutoka ndani, "Mwalimu, kipindi hakijaisha!" Akarudi.

Jumatatu, 22 Aprili

Bado hasemi na mimi vizuri. Leo kaniambia "chumvi" na "mlango". Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili

Dakika ishirini na tano bila kuvua. Amesoma neno "daraja". Alikuja nalo nyumbani, akamwambia Bibi, akamwambia jirani kupitia ukutani. Mimi nilimsikia akimwambia jirani. Kwangu hajalileta. Nina wivu juu ya neno daraja, nimefikia huko.

Jumanne, 30 Aprili

Amepimwa leo. Bwana Vigezo hakuleta habari yoyote. Akamwambia Sindano, "Andika mistari mitano, chochote, sasa hivi," akampa karatasi kavu aliyokuja nayo kwenye mfuko wa plastiki. *Tak tak tak.* Mama akafungwa kitambaa. Safari hii Bwana Vigezo alivuta kiti akakaa karibu kabisa, na kalamu hakuibofya.

Mama akaanza. "Mwa... mwalimu. Huyu. A-na. Vi... vidole..." Akasita. Vidole vikaenda, vikarudi, vikaenda, vikarudi. Nililijua neno kwa jinsi vilivyorudi mara mbili. Lilikuwa linaniwasha ulimini. Nikauma shavu kwa ndani. Sikusema. Kumbe ndivyo inavyouma kumsubiri mtu, na mimi nilidhani anayesubiriwa ndiye anayeumia peke yake.

"Vi-gu-mu," Mama akasema. "Vidole vigumu! Wee mtoto!"

"Endelea, Mwalimu," Sindano akasema.

Dakika kumi na mbili kwa mistari mitano. Ilikuwa inasema: mwalimu huyu ana vidole vigumu, anapenda kusukuma watu, anasema kama mnavyoona, lakini akiambiwa rudi anarudi, na mimi sitaki kwenda nyumbani. Mstari wa mwisho Mama aliusoma kwa sauti ndogo. Halafu akaurudia bila kuombwa.

"Dakika kumi na mbili," Redio akanong'ona, "konokono angekuwa ameshatafsiri."

Bwana Vigezo akasema, "Kitabu hakijaweka kigezo cha muda." Akamletea Sindano wino. Sindano akaficha mkono mgongoni. "Mstari wa pili alisema 'anapenda', mimi niliandika 'alipenda'. Wiki hii hajasukuma mtu. Asome tena."

Mama akasoma tena. Sindano akaweka dole.

Jumatatu, 6 Mei

Mtihani. Mawingu yapo, mvua hakuna. Karatasi zinalia *tak*.

Jumamosi, 11 Mei

Sindano sitini na sita, na anabaki. Yeye anadai ni sabini, Mwalimu karuka mstari. Mama anadai hakuruka. Wamebishana jana kuanzia ofisini hadi getini, na nasikia Mkuu alifunga mlango. Mimi sitini na tisa. Ni zangu, zote, hakuna aliyezisomea mezani.

Mama sasa ni kero ya aina mpya. Anasoma kila kitu. Amesoma nukta za boksi la dawa za Bibi na kutangaza jina la dawa kama mtu anayetangaza mshindi. Amesoma vibandiko vyangu vya jikoni. Nikasikia kelele: "Njoo hapa! Kwenye kopo la karanga miaka mitatu nadhani umeandika karanga. Kumbe umeandika 'msiguse'!" Bibi alicheka mpaka akaomba kusaidiwa kukaa.

Leo baada ya chakula cha mchana niliingia chumbani nikamkuta amekaa kitandani kwangu na daftari langu la jiografia, anasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, macho kafumba. Aliniambia mwenyewe kwamba kafumba, kwa majivuno.

"Dakika arobaini," akasema. "Nimekaa humo dakika arobaini."

"Vipi humo?"

Akafikiri. "Kuna joto. Na wewe unaandika vizuri kuliko nilivyodhani."

Nikamtoa daftari mkononi. Akainuka kwenda kutoa nguo kambani. Mlangoni akasimama. "Na hili jingine nene la mezani, la somo gani?"

"Hisabati," nikasema.

"Afadhali, tarakimu ndizo zinanisumbua. Ngoja nianue nguo nije tuisome hiyo Hisabati."

Hilo nene ndilo hili ninaloandika sasa hivi. Tangu nina miaka kumi limelala mezani wazi. Wageni wameliwekea vikombe, Mama mwenyewe huliinua akifuta vumbi na kulirudisha palepale, kwa adabu, kama sanduku lisilo na ufunguo. Sijawahi kulificha hata siku moja. Ningelificha lisisomwe na nani? Na humu yumo yeye, ukurasa kwa ukurasa, miaka sita, na ni mara chache nimemwandika nikiwa sina hasira.

Ndala hizo. Amemaliza nguo. Anamwambia Bibi asimwite, ana kipindi. Kabatini hapana, anapanga yeye. Chini ya kitanda anafagia yeye. Nyumba hii yote ni mikono yake. Korido. Nyuma ya meza kuna nafasi, kama nikilisimamisha wima litaing